Maji ya Akina Kazadi

Mtoto aliharisha mara ya saba kabla jua halijafika juu ya mabati ya gare, yaani stesheni ya treni, na safari hii hakulia. Hilo ndilo lililomtia Alphonsine hofu kuliko yote. Kilio alikuwa amekizoea. Siku mbili nzima Reine alikuwa akilia na kujinyonganyonga. Sasa alilala tu juu ya kitenge, macho nusu yamefumba, midomo imepauka, na mama yake alipoifinya ngozi ya tumbo lake, ile ngozi ilibaki imesimama, haikurudi mahali pake.

Reine alikuwa na miaka miwili na miezi minne, mtoto wa kwanza wa Alphonsine na mjukuu wa pekee wa mzee Mukendi. Wiki ya tano sasa walikuwa wakilala pale kwenye gare ya Likasi pamoja na maelfu ya Wakasai wengine, watu wa asili ya Kasai, wakingoja treni ya kuwapeleka kwenye nchi ambayo wengi wao hawajaiona hata kwa picha. Mwaka huo wa 1992 vijana wa chama cha wenyeji wa jimbo walipita nyumba kwa nyumba kule Panda, kambi ya wafanyakazi, wakisema kila Mkasai arudi kwao. Kwao wapi? Alphonsine alizaliwa Likasi, na baba yake alizaliwa Likasi. Lakini hebu nenda umwambie hivyo kijana aliyeshika panga mkono mmoja na chupa ya petroli mkono wa pili. Watu walibeba walichoweza, wakakimbia.

Mume wake, Willy, alitangulia na treni ya kwanza ili atafute pahali pa kulala huko Mwene-Ditu, na tangu siku hiyo kimya. Alphonsine alibaki na baba mkwe wake. Mzee Mukendi alikuwa kapita, yaani msimamizi wa kazi, wa zamani wa kiwanda cha shaba cha Shituru, mtu mrefu, msafi, asiyependa kelele. Siku ya kukimbia aliyaacha mabegi yote barazani akambeba Reine mgongoni kutoka Panda mpaka gare, bila kumpokeza mtu, na mvua inanyesha. Lielewe hilo kwanza kabla sijaendelea: mzee alimpenda yule mtoto mno. Wote waliohusika na kisa hiki walimpenda mtu.

Sasa ubaya wenyewe. Pale gare watu walipangwa kwa jinsi walivyofika, turubai hili kando ya turubai lile, na hatua kumi kutoka kwa Mukendi akapangwa mzee Kazadi na watu wake. Waliowapanga hawakujua. Sisi wa Panda tulijua, tukashika vichwa.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1974 mdogo wake Mukendi alikuwa na mke aliyeitwa Mbombo, dada wa tumbo moja na Kazadi. Mbombo akafa akijifungua. Ulikuwa mwezi wa joto kali, maiti haikungoja, akina Mukendi wakamzika siku ileile, na Kazadi yuko safarini Kolwezi. Aliporudi kesho yake alikuta kaburi limeshafunikwa. Dada yake amelazwa udongoni bila mtu hata mmoja wa damu yake kumtazama uso! Kwetu Waluba hilo si jambo la kusamehe kwa kuombwa. Kazadi alisimama juu ya udongo mbichi, akavunja chungu, akasema mbele ya watu wote wa matanga kwamba kuanzia leo mtu wake akila au akinywa cha mkono wa akina Mukendi, na mtu wao akila au akinywa cha mkono wake, kaburi hili limchukue. Mukendi naye, kwa hasira ya kutukanwa mbele ya watu, akaokota kigae cha chungu kilekile, akakivunja tena, akayarudia maneno yaleyale. Kiapo cha dakika mbili. Watu wakakiishi miaka kumi na minane.

Na waliishi uso kwa uso, nyumba hii ikiitazama nyumba ile, bomba la maji moja. Akina Mukendi waliteka asubuhi, akina Kazadi baada ya saa sita, na ole wako ukikosea saa. Watoto walifundishwa kabla hawajajua kuhesabu: pipi ya wale hailambwi, moto wa wale hauombwi. Mtu akiugua katika nyumba hizo mbili, swali la kwanza halikuwa ana homa ya namna gani. Waliuliza alikula wapi. Na kila aliyekufa katika miaka ile, hata babu wa miaka themanini aliyekufa kwa uzee wake, walitafuta mpaka wakapata pahali alipokosea akagusa chombo cha upande wa pili.

Ungedhani kufukuzwa kungewapatanisha. Wapi! Wale vijana nje ya uzio hawakuuliza nani Mukendi nani Kazadi. Wote walikuwa bilulu, wadudu, na mawe yaliwaangukia sawasawa. Lakini ndani ya uzio Mukendi aliligeuza turubai lake mgongo, na Kazadi akaweka masanduku yake katikati kama ukuta.

Alphonsine alikuwa ameolewa miaka mitatu tu. Kiapo hakikuwa chake. Lakini asubuhi ya harusi mzee alimweka chini akamweleza kwa sauti ya upole, na upole ule ulimwogopesha kuliko kama angefokewa. Tangu siku hiyo alipita mbele ya nyumba ya Kazadi kama mtu anayepita mbele ya mbwa asiyefungwa.

Asubuhi hiyo alijaribu kila njia. Alipanga mstari kwenye hema la masista, akaambiwa vile vipakiti vya dawa ya kuharisha vilikwisha juzi, hawajui vingine vitakuja lini. Sista akamwambia achemshe maji, atie chumvi kidogo na sukari, ampe mtoto kijiko kwa kijiko. Chumvi alikuwa nayo. Sukari hakuwa nayo, wala makaa ya kuchemshia maji. Aliomba turubai kwa turubai, watu wakatikisa kichwa, na wengine hata nguvu ya kutikisa kichwa hawakuwa nayo. Kutoka nje kwenda sokoni? Jana mama mmoja alitoka kutafuta sukari hiyohiyo, akarudi kichwa kimepasuliwa, mkono mtupu. Alphonsine alifika mpaka kwenye uzio, akawaona vijana wameketi pale ng'ambo wakiimba na kupiga vyuma, akarudi.

Mwenye sukari alikuwa mmoja tu katika safu yao, na Alphonsine alimjua: Henriette, binti wa Kazadi. Alikuwa amefanya kazi ya kusaidia wauguzi kwenye dispensari miaka kumi na mmoja, na alipokimbia, wengine wakibeba redio, yeye alibeba kilo tatu za sukari. Watoto wa safu nzima walikuwa wakinywa kwake. Walikuwa wakipona.

Kwenye mstari wa maji Henriette alikuja akasimama nyuma yake, akasema bila kumtazama, midomo haichezi:

"Mama Reine, mutoto iko nakauka. Kama hakunywe kitu mbele ya jua kuingia, atakufa. Minye niko na sukari."

Alphonsine aliteka maji yake. Alirudi na dumu lake, akaketi kando ya mtoto, akaweka sikio kifuani pake kusikiliza moyo. Moyo ulikuwa unakimbia. Mzee alikuwa amekwenda kwenye ofisi ya gare kupanga mstari wa majina, kama kila siku, na hangerudi kabla ya saa nane. Alphonsine akawaza: nikimpa, kaburi litamchukua. Nisipompa, litamchukua vilevile, tena leo. Akakaa hivyo labda nusu saa, watu wanampita. Halafu akambeba Reine akaenda nyuma ya tangi kuukuu la maji, lile lililotoboka, ambako hakuna aliyependa kwenda kwa sababu ya harufu.

Henriette alimfuata na kopo amelifunika kwa nguo. Kijiko cha kwanza mtoto alikitapika, na Alphonsine akakaribia kupiga yowe, maana alidhani ndiyo yenyewe, kaburi limefika. Henriette akafuta mdomo wa mtoto, akangoja, akampa kijiko cha pili kidogo zaidi. Hicho kilikaa. Cha tatu kikakaa. Alphonsine alikuwa akimtazama mwanawe usoni anangoja degedege, anangoja povu, anangoja kitu asichokijua jina. Walikaa pale mpaka kopo likaisha, Henriette akaenda kujaza lingine, na lile nalo likaisha.

Saa sita Reine alikojoa. Alphonsine alilishika lile kojo kwa viganja, Mungu anisamehe kwa kulisema, akalitazama na kulia. Saa saba mtoto alifumbua macho yote mawili. Saa nane alikuwa ameketi mwenyewe chini ya turubai lao na kusema anataka bukari, ugali.

Mzee alirudi na habari njema: majina yao yako kwenye treni ya kesho. Alipomwona mjukuu wake ameketi, alisimama, akavua kofia, akapiga magoti kwenye changarawe za reli na suruali yake safi. Alicheka, na Alphonsine hakuwa amemsikia akicheka tangu Panda. Akaimba wimbo wa kanisani kwa Kiluba, akipiga makofi taratibu, na Reine akawa anapiga makofi pamoja naye. Alphonsine aliinamisha kichwa akijifanya anachambua mchele ambao haukuwa na kitu cha kuchambua.

Basi yule mtoto, kwa vile alikuwa amepona, akasimama. Miguu ilikuwa bado ya kuyumba. Akatembea, hatua moja, hatua mbili, akapita pembeni ya masanduku ya Kazadi, akafika pale Henriette alipokuwa ameinamia mbabula, jiko lake, anachochea makaa. Akamgusa goti.

"Mayi," akasema. "Tamu."

Akafungua mdomo, akangoja kijiko.

Henriette hakugeuka. Alibaki ameinama vilevile, mkono umeganda juu ya moto. Lakini safu nzima ilikuwa imeona, na mzee Kazadi aliyekuwa amejilaza kwenye mkeka aliinuka taratibu akamtazama yule mtoto kama mtu aliyeona nyoka ndani ya nyumba.

Wimbo wa Mukendi ulikatika. Kwa kawaida alimwita mkwe wake Mama Reine. Sasa alimwita kwa jina.

"Alphonsine. Mutoto alikunywa mayi ya bale bantu?"

Angeweza kudanganya. Alishawahi kudanganya kwa mambo madogo, nani hajawahi? Mtoto hajui kusema, angesema anaomba kama anavyoomba kwa kila mtu. Lakini hofu ya siku nzima ilikuwa imemlegeza, na ndani yake kulikuwa na kisauti kilichosema labda mzee anajua, labda bado kuna la kufanya, labda mtoto ameketi tu na kifo kiko njiani. Akasema ndiyo, Papa. Akasema tangu asubuhi, makopo mawili.

Mzee hakufoka. Laiti angefoka, laiti angempiga hata kofi, watu wangeingilia, siku ingepita kwa ugomvi. Uso wake ulikuwa wa majivu. Alikwenda akambeba Reine kutoka kwenye goti la Henriette bila kumgusa Henriette, akarudi naye amemkumbatia. Aliogopa. Kapita aliyesimama miaka thelathini mbele ya tanuri za shaba aliogopa kama mtoto.

"Tunaweza kuitosha," akasema, maana yake kuitoa tumboni. "Haiyakaa sana. Tutaitosha yote."

Kila nyumba ya Likasi ina kile kimpira chekundu cha kumtilia mtoto maji kwa nyuma kumwosha tumbo. Mtoto akipata homa, akikosa choo, akilialia tu, kimpira. Mzee alikuwa ameacha mabegi lakini kimpira kilikuwa mfukoni mwake. Alichuma majani machungu yaliyoota kando ya reli, akayafikicha kwenye bakuli la maji mpaka maji yakawa ya kijani kibichi. Alifanya upesi, kwa uangalifu, kama mtu anayezima moto nyumbani kwake.

Henriette aliruka masanduku. Katika miaka kumi na minane hakuna wa kwao aliyekuwa amevuka mpaka wa kiapo kwa miguu yake mwenyewe, na yeye alivuka, akasimama mbele ya mzee amekunja mikono ya kuomba.

"Papa Mukendi, nakuomba. Ile mayi ndiyo inamushika. Ukiitosha, unamutosha maisha."

Mzee alimjibu bila kuinua macho kwamba mtu wa Kazadi atasema nini kingine, yeye aliyeitia ndiye angetaka ibaki. Na Kazadi mwenyewe alikuwa ameshafika, amemkamata binti yake kwa kitenge anamvuta nyuma, anapiga kelele kwamba ameileta laana mpaka kwao, kwamba mkono uliotoa ni sawa na mdomo uliopokea. Alimwosha mikono kwa majivu ya moto wa mbabula, yangali ya moto. Henriette alikuwa analia na kumwita Alphonsine kwa jina.

"Shika miguu," mzee akamwambia Alphonsine.

Alishika. Usiniulize kwa nini, mimi mwenyewe nimejiuliza mara nyingi. Alikuwa ameona kojo, alikuwa ameona mtoto ameketi, alijua. Nusu ya moyo wake ilijua na nusu iliogopa, na ile nusu ya kuogopa ndiyo iliyokuwa na mikono. Mzee alitia kimpira cha kwanza, Reine akapiga kelele akimwita mama. Akatia cha pili, Reine akalia bila sauti. Akamtia na kidole kooni ili kilichobaki juu kitoke kwa juu. Alipotia cha tatu hakuwa analia tena, na maji ya kijani yalimtoka tu yenyewe, juu ya magoti ya mama yake, juu ya changarawe.

Mzee alifurahi. Ndiyo, alifurahi, alimfunga Reine kwenye shati lake akamweka mapajani, akasema imetoka, imetoka yote, ona tumbo lilivyolala. Akaanza tena ule wimbo wake. Alphonsine aliketi mbele yao. Aliiona ngozi ya mtoto inasinyaa, aliyaona macho yanarudi ndani, akataka kusimama akimbilie kopo, na hakusimama, kwa sababu Kazadi alikuwa anatazama, na Mukendi alikuwa anatazama, na safu nzima ilikuwa inatazama. Reine alikufa jua likiwa bado juu ya mabati. Mzee aliendelea kuimba kitambo kabla ya kujua.

Walimzika kesho yake asubuhi ng'ambo ya reli, ndani ya mkeka, pahali palipokuwa tayari na safu za vilima vidogo vidogo. Alphonsine hakuwa amekunywa kitu tangu jana. Watu walisimama wachache. Mzee Kazadi alikuja mpaka pembeni, akavua kofia, akasimama peke yake. Alipomaliza kutazama, akasema:

"Kiapo ilikamata."

"Ilikamata," Mukendi akajibu.

Hayo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu 1974. Walisema kwa sauti ya chini, kwa heshima, wazee wawili waliochoka, na kidogo tu wangepeana mikono. Walikuwa wamekubaliana. Mtoto hakufa kwa kiu wala hakufa kwa majani machungu. Alikufa kwa kaburi la Mbombo, na kila mmoja angeweza kwenda kulala.

Alphonsine aliwasikia. Kitu kikakatika ndani yake. Alitoka pale kaburini, akavuka reli, akapita katikati ya masanduku, akamkuta Henriette ameketi na mikono yenye malengelenge, akamwambia ampe kopo. Henriette akakataa. Akamwambia tena. Akalichukua mwenyewe kopo la maji ya sukari, akatoka nalo nje penye watu, akanywa mpaka mwisho, akarudi akajaza lingine akanywa nalo, na maji yakawa yanamwagikia kifuani. Aliogopa. Usidhani hakuogopa. Wanawake wakavuta watoto wao mbali naye. Mukendi alifunika macho.

Treni ilikuja saa saba, mabehewa ya mizigo yasiyo na paa. Wanajeshi walipakia watu kama magunia, hawakusikiliza nani hakai na nani, na Mukendi na Kazadi wakajikuta katika behewa moja. Watu walikuwa wamebanana mpaka wengine wanasimama kwa mguu mmoja. Lakini kumzunguka Alphonsine kulikuwa na nafasi, pana kiasi cha mtu kulala. Hakuna aliyetaka kuguswa naye atakapokufa.

Asubuhi ya kwanza, treni ilipofika Tenke, mzee alimwita kutoka upande wake.

"Uko muzima?"

Akajibu yuko mzima, Papa. Mzee akaitika kwa kichwa. Alimwambia jirani yake kwamba kiapo wakati mwingine huchelewa.

Asubuhi ya pili walikuwa wamesimama Bukama, treni imekosa mafuta. Mzee akauliza tena, akajibiwa tena, na safari hii Alphonsine alimtazama machoni. Alichokiona kilimwogopesha kuliko vijana wa uzioni na kuliko kiapo chenyewe. Mzee alikuwa anangoja. Hakumchukia, alikuwa amemgawia hata kipande chake cha muhogo. Lakini alihitaji afe. Na kule kwenye kona nyingine Kazadi alikuwa ameinua kichwa chake cheupe kusikia jibu, na aliposikia akakiinamisha. Wazee wawili waliokuwa hawaelewani hata kwa saa ya bomba sasa walikuwa wanangoja kitu kimoja. Alphonsine aliacha kuegemea ukingo wa behewa. Alijifunga mkono kwa kamba kwenye chuma cha sakafu, kwa maana kusinzia kulikuwa hatari, na kusukumwa ni jambo la sekunde moja.

Asubuhi ya tatu, kabla ya kufika Kamina, tumbo lilimshika. Lilimkata kwa nguvu, akajikunja, jasho likamtoka, na behewa lote likanyamaza. Basi ndiyo hii, akawaza. Kumbe ni kweli. Aliinua macho akamwona mzee anatazama, na uso wa mzee ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya kumhurumia na ya kushukuru. Alphonsine alikaa amejikunja mpaka jua likapanda. Kisha tumbo likaachia. Ulikuwa ule muhogo mbichi tu. Akajinyoosha, akaomba maji, na Henriette akampelekea kopo kwa mikono iliyofungwa vitambaa, na hakuna aliyemzuia.

Asubuhi ya nne mzee hakuuliza. Alikuwa ameketi tangu alfajiri anamtazama akipumua. Kazadi kwenye kona yake alikuwa amegeuza uso, anatazama nyasi zikipita. Mukendi akainuka, akashika bega la huyu na la yule ili asianguke, akaingia katika ile nafasi ambayo hakuna aliyekuwa ameingia, akaketi kando ya mkwe wake. Alikuwa amezeeka. Midomo ilitafuta pa kuanzia.

"Kama weye uko muzima," akasema, "basi ni minye."

Alphonsine angeweza kumwacha nalo neno hilo. Ilikuwa haki yake, na kuna saa pale gare angelitoa chochote ili amsikie akilisema. Lakini alikuwa bado anaihisi miguu ya Reine katika viganja vyake, myembamba, inapiga mateke ya kwanza kwa nguvu na ya pili bila nguvu.

"Minye nilishika miguu, Papa," Alphonsine akasema.